Dakika za Mama Kengele

Ndugu waombolezaji, majirani, mliofanya kazi na dada yangu, na ninyi wageni mliopewa viti vyenye vitambaa hapo mbele, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Mimi ni mdogo wa marehemu, nilifanya kazi ya gazeti kwa miaka ishirini na sita, na familia imenichagua kusoma historia hii kwa sababu, kama shemeji yangu alivyosema jana, "wewe ndiye uliyezoea kuwasomea watu wasichotaka kusikia."

Kabla sijaanza, ni haki mjue kwamba asubuhi hii bwana wa itifaki, aliyekaa pale pembeni mwenye suti ya kijivu, alinifuata jikoni tukiwa tunatafuta vikombe, akaniomba niisome historia kwa ufupi kwa kuwa Mheshimiwa ana safari, akaniomba pia, kwa adabu zote na kwa sauti ya chini, niiruke ile sehemu ya ukumbini kwa sababu leo si siku yake. Nilimuuliza siku yake ni lini, akasema atarudi na jibu, na mpaka sasa hajarudi. Kwa hiyo nitaisoma yote, na mwishoni nitaeleza alichoagiza marehemu kuhusu hiki kipaza sauti.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 11 Aprili 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, baba akiwa mpishi wa sabuni hapo hapo kiwandani na mama mshona nguo. Nyumba ile haikuwa na saa, king'ora cha kiwanda ndicho kilichotuamulia lini tule na lini tulale.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kuimaliza mwaka 1971, akaingia sekondari ya wasichana mwaka uliofuata, ambako alifanywa kiranja wa zamu, na katika muhula wake wa kwanza wa ukiranja alikumbukwa kwa kufika darasani mvua ikiwa imemchelewesha, akawataja kwa mwalimu wote waliochelewa, akaanza na yeye mwenyewe, akachapwa wa kwanza. Wenzake hawakumsamehe, walisema angeweza kunyamaza wote wakapona. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha uhazili, na mwaka 1977 alihitimu akiwa na cheti cha daraja la kwanza cha kupiga chapa.

Tarehe 1 Machi 1978 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya ardhi, ghorofa ya pili, chumba kilichokuwa na mashine nne na dirisha moja lisilofunguka. Huko ndiko alikokutana na mumewe, fundi bomba, aliyeitwa kurekebisha sinki lililokuwa likivuja juu ya mafaili, akaahidi kufika saa nne, akafika saa sita, na dada yangu akamwambia arudi kesho saa nne kwa kuwa leo yake imepita, huku maji yakiendelea kumwagika. Shemeji anasema alirudi kesho yake saa tatu na nusu, akakaa kwenye ngazi akisubiri, na hajachelewa popote tangu hapo. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Septemba 1981, na waliokuwepo wanakumbuka kwamba mpambe wa bwana harusi alipoanza kusimulia utoto wao kwa mara ya pili, bibi harusi mwenyewe aligonga glasi kwa kijiko. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza dereva wa malori, wa pili muuguzi, wa tatu mwalimu wa hesabu, wote wapo hapa.

Sasa nafika kwenye kazi ambayo wengi wenu mlimjua nayo, na ambayo wengi wenu mlimchukia kwayo. Mwaka 1992 Serikali iliunda tume ya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu namna ya kuboresha uchaguzi, ofisi ya ardhi ikatakiwa kutoa watumishi, dada yangu akatolewa. Alipewa kazi ya kutunza muda, akapewa kengele ya shaba yenye mpini wa mti iliyoazimwa shuleni na haijarudishwa mpaka leo, na aliyepiga chapa kanuni za vikao ni yeye mwenyewe, ikiwemo ya sita, inayosema kwamba kila atakayesimama kwenye kipaza sauti atazungumza kwa dakika tatu. Tume ile ilipomaliza ilikuja nyingine mwaka 2001, na ya tatu mwaka 2012, zote zikiuliza maswali yale yale, na zote zikamchukua yeye na kengele yake.

Mliokuwa mkisimama kwenye foleni zile mnakumbuka. Mwenye duka la dawa alitaka tume ya uchaguzi isiteuliwe na mtu ambaye naye anagombea, akagongewa. Mama muuza mitumba alitaka kujua kwa nini siku ya kura anatembea mpaka upande wa pili wa mji wakati kituo kipo mlangoni kwake, akagongewa akiwa bado hajafika upande wa pili wa mji. Mzee mmoja alisema hataki mabadiliko ya aina yoyote, anataka aachwe alale, akakaa mwenyewe kabla ya kengele, naye ndiye mtu pekee aliyepigiwa makofi na tume. Watu walikuwa na hasira, na kwa kuwa wajumbe walikaa mbali nyuma ya meza ndefu na chupa za maji, hasira zote zilimwishia aliyeshika kengele. Mlimwita Mama Kengele, watoto wenu walipita dirishani kwake wakipiga kengele za baiskeli, na sokoni aliambiwa, "Mama, chagua nyanya upesi, dakika zako zinaisha." Alipoulizwa yeye binafsi ana maoni gani kuhusu uchaguzi, alijibu, "Mimi sina maoni, nina saa."

Aliyemchukia kuliko wote ni fundi viatu wa pale kona ya soko. Fundi alizungumza mbele ya tume zote mbili za mwanzo, na kila mara alianza kwa kuwaambia wajumbe kwamba wamekuja kula posho, jambo ambalo lilimchukua dakika moja nzima, kisha akasema kwamba jambo lake la kwanza ni kuwa kura zihesabiwe na matokeo yabandikwe pale pale zilipopigwa, kabla sanduku halijapandishwa kwenye gari lolote, akalieleza kwa mifano, na alipofika kwenye maneno "jambo la pili ni," kengele ikalia. Ilikuwa hivyo mwaka 1992, ikawa hivyo mwaka 2001, na kibandani kwake akawa anawaambia wateja kwamba jambo la pili ndilo lenyewe, lakini hatalisema kibandani, atalisema mbele ya tume, liandikwe.

Sehemu niliyoombwa kuiruka ni hii. Jumanne, tarehe 14 Agosti 2012, katika ukumbi wa mtaa, tume ya tatu ilikaa asubuhi, foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango mpaka kwenye maegesho, na fundi viatu alikuwa wa nne. Kabla foleni haijaanza alikaribishwa mgeni rasmi, ambaye wakati huo alikuwa Waziri, na ambaye leo tunaye katika kiti cha katikati, karibu sana Mheshimiwa. Mgeni rasmi aliwaambia wananchi kwamba wananchi hawana tatizo na mfumo wa uchaguzi, wanachotaka ni maji na barabara, na kwamba habari za mabadiliko ni kelele za watu wachache wasio na kazi. Mimi nilikuwa safu ya tatu na kijitabu changu, nikiripoti. Dakika tatu zilipotimia, dada yangu aligonga kengele.

Mheshimiwa alicheka, akadhani ni utani, akaendelea, kengele ikalia tena. Akasema, "Mama, mimi si mchangiaji, mimi ni mgeni rasmi." Dada yangu akamjibu, bila kuinua sauti, "Mheshimiwa, umesimama kwenye kipaza sauti." Mwenyekiti wa tume akamwonyesha kwa mkono aache, dada yangu akamsomea kanuni ya sita, kisha akaendelea kugonga, taratibu, kama anayeita watoto darasani, mpaka Mheshimiwa akaacha kuzungumza, akakusanya karatasi zake, akatoka kwa mlango wa nyuma. Ukumbi ulishangilia. Mwenyekiti akatangaza kikao kimefungwa.

Ripoti ya tume ilitoka mwaka uliofuata, ikasema wananchi walio wengi wameridhika na utaratibu uliopo. Kwa mazoea ya kazi niliitafuta siku ile ndani yake, nikakuta sentensi moja, kwamba kikao cha tarehe 14 hakikufanyika kutokana na hitilafu ya umeme. Umeme haukukatika, feni zilikuwa zinazunguka, na kwenye picha yangu zinaonekana zinavyopeperusha karatasi za Mheshimiwa akiwa anaziokota.

Dada yangu alihamishiwa stoo ya samani mbovu, akakaa huko miaka miwili, akastaafu tarehe 30 Juni 2014 bila hafla. Gazeti langu lilimwita shujaa, akanipigia simu kunigombeza, akasema hakumpinga mtu, dakika za mtu zilikuwa zimeisha. Vijana wa vyama vya upinzani walikuja getini na fulana zenye picha ya kengele, wakamwomba apande jukwaani, akawaambia, "Nyie mkiongea huwa mnamaliza saa ngapi?" akafunga geti. Naona kwenye shada lile kubwa la maua pameandikwa kwamba marehemu alipenda demokrasia. Nimeishi naye miaka yote hii, sikuwahi kulisikia neno hilo mdomoni mwake, na aliyelipa shada sidhani kama alimuuliza.

Lililomuumiza halikuwa stoo. Siku tano baada ya kikao kile fundi viatu alifika getini kwake, sisi tukidhani amekuja kumpa mkono. Alisimama nje na kumwambia, mbele ya majirani, "Mwanamke wewe, mara mbili umenikata, mara ya tatu umenifungia mlango kabisa. Ungemwacha aseme mpaka achoke, angeondoka zake, sisi tungepata zamu. Wewe umepata makofi, mimi nimepata nini?" Dada yangu aliingia ndani, akaiweka kengele juu ya kabati la vyombo, na tangu hapo alipita upande wa pili wa barabara kila alipokwenda sokoni, na fundi naye aliendelea kumtukana kwa kila mteja aliyekuja na soli iliyobanduka.

Mwezi Mei 2021 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akaanza kusafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki. Daktari wake, ambaye yupo hapa, ananiruhusu kusema kwamba siku ya kwanza alipoanza kumweleza ugonjwa wenyewe kwa kuzunguka, mgonjwa alivua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya meza, akamwambia, "Baba, dakika tatu, na ukweli uwe ndani yake." Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Oktoba mwaka huu, akafariki Ijumaa, tarehe 3 Novemba 2023, alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Jumapili kabla ya hapo alituita mimi na shemeji, akatuambia kwamba katika maisha yake hana deni la mtu isipokuwa la fundi viatu, na kwamba anajua akifa viongozi watakuja, kwa kuwa msibani ndipo wanapopata watu wasioweza kuondoka. Alituagiza mambo mawili, nasi tukaahidi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao hawakutuficha kitu, inawashukuru waliofanya naye kazi ofisi ya ardhi, hasa wale wawili waliokuwa wakimpelekea chai stoo wakati wengine wanageukia ukutani, na inawashukuru majirani, mliomzomea miaka ishirini na mmekesha naye siku tatu, viti mmeleta wenyewe, hilo tumeliona. Namshukuru kwa namna ya pekee fundi viatu, ambaye jana aliwaambia wateja wake kwamba atafunga kibanda aje kuhakikisha amekufa kweli. Karibu fundi, amekufa kweli.

Bwana wa itifaki ananionyesha saa, na ratiba aliyoiandika yeye inasema baada yangu ni Mheshimiwa. Ratiba ya marehemu inasema hivi: baada yangu ni fundi viatu, bila kengele, mpaka amalize. Baada ya fundi ni Mheshimiwa, kwa mujibu wa kanuni ya sita, na kengele ameshika shemeji yangu, ambaye kama mnavyojua huwa hachelewi.

Pumzika kwa amani, dada, saa yako tumekuvulia.

Fundi, sogea hapa, usianze na posho. Tuambie jambo la pili.