Ragna Holm na Miti Iliyomtia Hofu

Ragna Holm alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika nyumba ya mlinzi wa msitu wa Ellekrat, kisiwani Langeland, baina ya kilima cha makaburi ya kale na kinamasi. Alikuwa dada yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa Aksel na Magda Bisgaard. "Msitu wenyewe mdogo hivi," baba yetu alizoea kusema, "anayepotea humu kapenda mwenyewe."

Alisoma shule ya kijiji hadi 1963, akajifunza kazi kwa baba, na mwaka 1971 akarithi nafasi yake. Alitunza mialoni iliyopandwa zamani kwa ajili ya merikebu za kivita za mfalme, ikakomaa merikebu zilipokwisha kuwa za chuma. Dhoruba ya Desemba 1999 ilipoangusha nusu ya msitu, alipanda upya.

Tarehe 25 Mei 1974 aliolewa na Vagn Holm, seremala. Njiani kwenda kanisani alisimamisha gari, akashuka na viatu vyeupe kukagua mti ulioinama.

"Ragna, mchungaji anatusubiri!" Vagn alimwita.

"Na huu mti nao utasubiri?"

Mwaka 2017 aliugua mapafu. Wakati huohuo miti ya aski, ile mirefu yenye kivuli kipana, ilipatwa na ugonjwa, ikaanza kuoza mizizi huku majani yangali mabichi. Chini ya aski hizo kituo cha malezi ya watoto hupanga vigari vya kulalia, na watoto wachanga hulala humo mchana, nje, kama tulivyolala sote. Ragna alidai vihamishwe. Preben Lassen, mwenyekiti wa kamati ya kituo, alimcheka mbele ya wazazi.

"Bibi wee, siku hizi hata upepo unakutisha? Mama yangu alilala palepale!"

"Upepo siuogopi, Preben. Ile aski ya kisimani ilianguka juzi, hakuna hata jani lililotikisika. Ulisikia chochote?"

Kamati ilijibu kwamba kivuli ni kizuri. Jibu hilo ni aibu, na halifichiki hata msibani. Ragna alikuwa akishtuka usingizini, akiuliza kama leo kuna utulivu, maana aski iliyooza huanguka hata pasipo upepo.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Mei 2019, Vagn akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, Signe na Troels, wajukuu watatu, na mimi mdogo wake, Asger.

Leo hakuna upepo. Vigari viko palepale, na watoto wamo. Kahawa ya msiba imeandaliwa ukumbini, na ipoe. Tukitoka kaburini tunakwenda kituoni, na kila mwenye mikono atasukuma kigari kimoja hadi uwanjani, Preben akiwa wa kwanza.

Lala, dada. Zamu ya kuogopa ni yetu.