Dada Vénantie na Matunda ya Kazi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mchungaji Ndayisaba, wazazi wetu na ndugu wageni waalikwa, nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Mimi ni Damas, msimamizi wa wahudumu wanaowatunza wazee majumbani hapa Spånga. Nimeombwa nimpongeze msimamizi mwenzangu wa kule Akalla, dada Vénantie, kwa kuteuliwa meneja wetu. Wengi mnajua kwamba cheo hicho nilikiomba na mimi. Aliyenichagua kusema leo, Mungu anamwona.

Ndugu zangu, dada huyu alipopelekwa kozi ya uongozi kule Kista, nilitegemea arudi na mambo ya kompyuta. Akarudi na falsafa ya Wahindu wa kale: kwamba mtu atimize wajibu wake kwa moyo wote, asiyang'ang'anie matunda yake. Haya, nikasema, mambo ya wenyewe hayo. Kesho yake akabandua ukutani, katika ofisi yetu ya pamoja, picha ya mfanyakazi bora wa mwezi. Picha ya nani? Yangu.

Niliumia, sifichi. Nikasusa hata ile kahawa ya pamoja wanayoiita fika, na hapa Sweden anayeisusa amesusa ofisi nzima. Nikasema huyu ananionea gere.

Ila tuseme kweli. Picha ilipotoka, mbio za kuishindania nazo zikaisha. Siku hizi mhudumu wetu Arnaud akimaliza zamu yake anampigia mwenzake Raïssa kumwuliza kama amezidiwa na kazi. Zamani angewahi ofisini kujisifu. Wazee wanasema wahudumu sasa wanakaa kitako kuzungumza nao. Raïssa mwenyewe, aliyekwisha kutangaza kuacha kazi, amebaki. Je, nani kati yetu alitegemea hayo?

Kinachonikera ni kwamba aliyetukataza kuyang'ang'ania matunda ndiye aliyekabidhiwa kapu zima, na mimi napiga makofi. Wivu ninao, dada, tena mwingi.

Mnajua pia kwamba kampuni nyingine imeniita. Wiki iliyopita dada Vénantie aliniuliza, "Kaka Damas, utaondoka?"

Nikamjibu, "Nipe cheo chako, nibaki."

Akacheka. "Cheo sina cha kukupa. Lakini wazee wa Spånga wakifungua mlango wanamtafuta Damas, hawatafuti cheo."

Maneno hayo yamenikosesha usingizi, maana ni kweli. Asubuhi hii nimewaambia wale wengine hapana. Meneja wangu, Jumatatu nitakuwa kazini chini yako, na wivu wangu nitakuja nao, utanizoea tu. Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio.