Historia ya Mama Nzi, Aliyelifuta Jina la Baba Yake

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa huu, wafanyakazi wenzake wa makumbusho na wote mlioacha shughuli zenu mkafika, familia inawaomba mkae vizuri, maana marehemu hakuwahi kusimulia jambo kwa ufupi hata mara moja, na kuisoma historia yake mbiombio kungekuwa utovu wa adabu.

Marehemu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Mama Nzi, jina alilolipokea kwa moyo mkunjufu hata akalipaka rangi kwenye geti la nyumbani, alizaliwa tarehe 14 Juni 1949, akiwa mtoto wa pili na binti pekee wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la ushonaji, na kitanda chake cha kwanza kilikuwa meza ya kukatia vitambaa, akalala hapo katikati ya chaki na mikasi huku mama yake akimsihi baba yake aondoe pini.

Alianza shule ya msingi Januari 1957, kwenye shule iliyokuwa mwisho wa mtaa, ambako alirudishwa nyumbani katika muhula wake wa kwanza kwa kosa la kuingia darasani na chupa ya funza, akidai kwamba alitaka kuona watageuka kuwa nini, na mwalimu akawa hataki kuona. Baba yake hakumchapa wala hakumgombeza, ila alikata kipande cha wavu mwembamba wa shela ya bibi harusi wa mtu, akakifunga kwenye mdomo wa chupa, akamwambia asubiri wageuke, na wote wawili wakasubiri. Baba huyo alifariki tarehe 2 Februari 1974, binti yake akiwa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu, kitambaa cha gauni lake la mahafali kikiwa kimekatwa lakini hakijashonwa, mama yake akalimalizia kwa mkono, na marehemu alipanda jukwaani akiwa amevaa gauni lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, akilia na kucheka kwa pamoja.

Tarehe 3 Septemba 1974 aliajiriwa na makumbusho, idara ya wadudu, katika chumba cha ghorofa ya pili chenye droo za mbao kutoka sakafuni hadi darini na harufu ya naftalini, dawa ya kuzuia nondo, iliyomfuata hadi kwenye shuka zake, akapewa nzi mmoja wa msitu wa mvua, mdogo kama punje ya mchele, anayeishi juu ya matunda yaliyooza chini ya miti, akaambiwa apime mabawa yake, ahesabu mistari ya tumbo lake, na aseme anapatikana kuanzia wapi hadi wapi. Wakubwa wake walidhani ni kazi ya mwaka mmoja, kumbe walikuwa wamempa kazi ya maisha.

Safari za msituni alipelekwa na dereva wa makumbusho, kijana mpole aliyekuwa akiwaogopa wadudu wote isipokuwa nyuki, ambao alisema angalau wana faida, na katika safari hizo, mitungi ya nzi ikiwa imepakatwa na abiria mmoja na usukani ukiwa mikononi mwa mwingine, mambo yakawa mambo, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1976. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1978, ambaye leo ni muuguzi, na kijana aliyezaliwa mwaka 1981, ambaye ni fundi umeme, na wote wawili walijifunza mapema kwamba katika nyumba yao tunda lililooza halitupwi kabla ya kuuliza.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo marehemu aliagiza lisomwe bila kupunguzwa. Nzi waliokuwa wakitoka bondeni walikuwa wadogo, weupe wa kuelekea manjano, wenye mistari myembamba tumboni, na waliotoka juu mlimani walikuwa wakubwa, weusi, wenye mkanda mpana, na hakupata hata mmoja wa kati na kati. Kwa hiyo mwaka 1979 aliandika kwamba hao ni spishi mbili, na yule mweusi wa mlimani, ambaye hakuwa na jina, alimpa jina la baba yake fundi cherehani, likiwa limewekewa mkia wa Kilatini. Mama yake alipoletewa jarida lenye makala hiyo hakuelewa hata sentensi moja isipokuwa lile jina la mumewe, akalikata, akalitia kwenye fremu sebuleni juu ya redio, na kila mgeni aliyeingia, hata msoma mita, alionyeshwa nzi wa mume wake kabla hajapewa kiti.

Miaka ikapita hivyo, hadi Aprili 1988, gari la makumbusho lilipopasuka gia boksi katikati ya mteremko, mahali ambapo halikuwahi kusimama, kwa sababu barabara ile ilikuwa na sehemu mbili tu za kuegesha, moja bondeni kabisa na nyingine juu kabisa. Wakati mumewe yuko chini ya gari akizungumza nalo kwa maneno yasiyofaa kusomwa hapa, marehemu alitundika mitego yake kwenye miti ya jirani, kwa kukosa tu la kufanya, na waliponusuriwa alikuwa na mtungi uliojaa nzi wa kila ukubwa na kila weusi, wadogo, wakubwa kiasi, wakubwa, hawa wakiingia ndani ya wale bila mpaka wowote. Hapo moyo wake ulishtuka, akaelewa kwamba zile spishi mbili hazikutengenezwa na msitu, zilitengenezwa na mahali pa kuegesha gari. Mumewe hadi leo anasema nusu ya kosa ni lake, na nusu nyingine ni la mhandisi wa barabara.

Ili kuhakikisha, alichukua mayai ya nzi weusi wa mlimani akayalea jikoni kwake karibu na jiko, na mayai ya wale wa bondeni akayaweka kwenye friji iliyopunguzwa baridi, familia ikala vyakula vya siku kwa siku msimu mzima, na walipotoka, watoto wa weusi walikuwa wadogo weupe, na watoto wa weupe walikuwa wakubwa weusi. Alikuwa nzi mmoja, anayebadilika kwa joto la mahali alipolelewa. Na kama ni mmoja, basi jina la zamani, la yule wa bondeni, ndilo linalobaki, na jina la baba yake lazima lifutwe na mkono uleule uliolitoa.

Marehemu hakuficha kwamba alisita, alisita sana, hakuna mtu mwingine zaidi ya mumewe aliyekuwa na habari ya wale nzi wa katikati, na kila alipokwenda kwa mama yake alikaa chini ya fremu ile akanywa chai yake akaondoka. Mwishowe, mwezi Machi 1989, alikwenda na mumewe akamweleza mama yote, na mama akakasirika kweli, akauliza nzi hao wamemkosea nini baba wa watu, akaingia chumbani, akafunga mlango. Alipotoka kesho yake aliishusha fremu mwenyewe, akasema, “Baba yako hakuwahi kumkabidhi mteja nguo aliyojua ameikosea. Alikuwa anafumua, hata kama mteja hajaona. Na wewe fumua.” Marehemu akafumua, makala ikatoka mwaka 1990, na ndiyo inayosomwa vyuoni hadi sasa.

Alistaafu mwaka 2009, akaendelea kwenda kazini kana kwamba hakuambiwa. Alianza kusumbuliwa na figo Agosti 2023, na akiwa wodini wenzake walimletea habari kwamba wamepata nzi mwenye mkanda wa ajabu kwenye kilele kimoja, na kwamba wanataka kumwita kwa jina lake. Alifurahi, familia iliona jinsi alivyofurahi, akaomba kioo ajitengeneze nywele, kisha akawaambia wasiandike kitu mpaka wamelea mayai ya nzi huyo kwenye joto. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, mchana, mumewe akiwa amemshika mkono, kabla mayai hayajaanguliwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza na kuvumilia maswali yake, na majirani, mliofunga maduka yenu leo na ambao kwa miaka yote hiyo mlimletea ndizi zilizooza badala ya mbivu. Kwa namna ya pekee tunawashukuru wafanyakazi wenzake, ambao jana jioni walisimama mlangoni kwetu wakisukumana nani aseme, hadi mmoja akasema kwamba nzi wa kilele wametoka asubuhi, wadogo, weupe, wenye mistari myembamba kama wengine wote, na kwa hiyo hakuna spishi mpya na jina halitakuwepo. Mumewe alicheka mpaka akakaa chini, akawakaribisha ndani, akawaambia wangemzika na uongo huo angefufuka kuja kuurekebisha.

Tunakuaga, Mama Nzi, hakuna mdudu duniani anayeitwa kwa jina lako, na roho yako ilale kwa utulivu, kwa sababu wadudu wako wapo wote kwenye droo zao, na kila mmoja ana jina lililo lake.