Uzinduzi wa Mlango wa Nyuma ya Jiko

Mheshimiwa Balozi, Mheshimiwa Naibu Balozi, mwakilishi wa Wizara, ambaye ameionja keki kabla haijakatwa na tumemwona, Ofisa wetu wa Mahusiano ya Jamii, Mkuu wa Ulinzi ambaye ndiye mshika funguo, madereva, wapishi na watunza bustani, wenzangu wa jasho moja, na wewe dada yangu mkubwa, uliyekaa kwenye kigoda upande wa pili wa mlango ule wa kijani, na gauni lako la kuendea harusi: itifaki imezingatiwa. Hamjambo?

Nasikia wengi mmeitikia kutoka ndani, na mmoja ameitikia kutoka nje. Vizuri.

Nimeambiwa niseme kwa dakika tano. Nimewachemshia chai mabalozi watano, miaka ishirini na miwili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunywa chai yangu kwa dakika tano. Kwa hiyo mtanivumilia. Na wewe mkalimani, mwanangu, leo usiruke kitu. Nakujua. Nikisema jambo zito halafu nikaona Mheshimiwa anatabasamu, nitajua hujalitafsiri.

Risala ya kuniaga iliyosomwa hapa imesema kwamba mimi nilikuwa mpika chai. Haikukosea, ila haikumaliza. Mimi nilikuwa jamii.

Wageni wetu msioelewa, ngojeni niwaeleze. Mwaka wangu wa kwanza hapa paliandaliwa semina ya wafugaji wa nyuki. Viti arobaini, bango ukuta mzima, maikrofoni imejaribiwa, Balozi kashafunga tai. Wafugaji hawakuja, maana kadi zao za mwaliko zilikuwa bado mezani zikisubiri saini. Ofisa wa wakati ule akaja jikoni mbio, jasho linamtiririka. "Mama Chai, vua aproni! Jamii haijafika!" Nikavua. Nikakaa kiti cha mbele, na kwenye daftari la mahudhurio nikaandika kazi yangu: mfugaji wa nyuki. Balozi akanipa mkono, tukapigwa picha, nikarudi jikoni. Tangu hapo, kila nilipompelekea chai aliniuliza, "Nyuki wako hawajambo?" Nami nikawa nasema hawajambo, wanakusalimu. Ulipoingia mwaka mwingine uongo ukanichosha, nikamwambia wamehama. Aliniandikia barua ya pole yenye mhuri wa ubalozi. Ninayo mpaka leo.

Basi mambo yakanoga. Nimekuwa mshonaji, nimekuwa mkunga, nimekuwa mwalimu wa chekechea, na siku moja ofisa alipokosea fomu nimekuwa bondia mstaafu. Nilipotimiza miaka hamsini na mmoja, asubuhi nilikuwa kijana kwenye kongamano la vijana, mchana nikawa mzee kwenye mazungumzo na wazee. Nilichobadilisha ni kilemba tu, na katikati nikapika chai ya makundi yote mawili. Kwenye ripoti ya mwaka ule niliziona picha zangu mbili zinatazamana, na chini yake pameandikwa: "Vizazi vinakutana." Ama kweli, ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni!

Chekeni, chekeni tu. Hata mimi nilikuwa nacheka. Nilikuwa nikimsimulia dada yangu, naye anacheka hadi anashika mbavu. Ila kumsimulia kwenyewe kulikuwa safari.

Nyuma ya jiko langu kuna ukuta. Nyuma ya ukuta, hatua thelathini, ndipo anapokaa dada yangu. Dirisha likiwa wazi namsikia anakohoa, namsikia anagombana na kuku wake. Lakini kumfikia ni kutoka lango kuu, kuzunguka majengo yote ya ofisi, kuvuka daraja, kupita sokoni, kupanda kilima na kukishuka: saa nzima na nusu kwa mwenye magoti mazima, na magoti ya dada yangu yaliharibika zamani. Wahenga walisema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Mimi ndugu yangu ndiye jirani yangu, na bado yuko mbali. Hilo wahenga hawakulifikiria.

Siku moja mafua yalinibana, dada akanirushia ndimu juu ya ukuta. Ndimu moja, jamani! King'ora kikalia, watu wazima na suti zao wakaingia chini ya meza, akaja mtaalamu amevaa kofia yenye wavu na glavu hadi kwenye viwiko. Nikasema, alhamdulillahi, hatimaye mfugaji wa nyuki amefika. Akaiokota ndimu kwa koleo refu. Ilikaa chini ya ulinzi siku tatu, na mafua yakaondoka yenyewe.

Balozi wa nne aliposikia habari ile alihuzunika kweli. Alikuwa mtu mwema, simsengenyi. Akaanzisha Programu ya Mlango Wazi, ili ubalozi na mtaa wa nyuma tutembeleane. Mlango ulijengwa kwa wiki moja: ule pale, mbao nzuri, rangi ya kijani, utepe mwekundu umefungwa katikati. Zikachapwa kofia, kalamu, kalenda na fulana. Kisha tukaambiwa kwamba mlango hauwezi kufunguliwa kabla haujafunguliwa rasmi, na ili ufunguliwe rasmi ni lazima Balozi awepo, hotuba isomwe, na jamii ihudhurie.

Mara ya kwanza Balozi alikuwa safarini. Mara ya pili hotuba ilipotea. Mara ya tatu Balozi alikuwepo na hotuba ilikuwepo, mimi niko likizo, na jamii haikufika. Itafikaje? Jamii ilikuwa imejipanga upande wa pili wa mlango, inasubiri ufunguliwe!

Ni miaka tisa sasa. Utepe ulikuwa mwekundu, leo una rangi ya chai ya maziwa. Mlango Wazi umepewa cheti cha programu bora, na mimi nimehojiwa mara nne: je, mlango huu umebadilisha maisha yako? Nikajibu ndiyo. Zamani nilikuwa nagonga ukuta, siku hizi nagonga mlango.

Leo asubuhi dada yangu, na magoti yale niliyowaambia, alizunguka njia yote hiyo mpaka lango kuu aje kuniaga. Mlinzi akatazama orodha. "Mwakilishi wa jamii, mmoja," akamwambia. "Ameshaingia." Aliyeingia ni mimi. Dada akarudi alikotoka, akanipigia simu. Hakunilaumu hata kidogo. Akasema, "Mdogo wangu, nitakaa hapa mlangoni. We sema kwa sauti tu nisikie." Ndiyo maana tangu nianze napaza sauti, nanyi mkadhani nina hasira. Hasira ninayo pia.

Kwa sababu huyu ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Ndiye aliyenishonea sare ya siku yangu ya kwanza hapa, usiku kucha, kwa mkono. Hajawahi kuniona nimeivaa kazini hata siku moja. Kesho kitambulisho changu kinakatwa kwa mkasi, na mimi na yeye hatutakuwa na la kutuingiza humu tena. Inaniuma sana.

Sasa, Mheshimiwa Balozi, niruhusu nikuulize. Wewe upo? Upo. Hotuba inasomwa? Ndiyo hii, na imeshapita dakika tano. Imebaki jamii. Ofisa wa Mahusiano, mwanangu, acha kutazama dari. Madaftari yote yako kabatini kwako. Jamii ni mimi, au si mimi? Fikiri kabla hujajibu, maana kama si mimi, ripoti ishirini na mbili zitabidi ziandikwe upya.

Amesema ni mimi. Mmemsikia? Asante, baba.

Basi, ndugu wageni waalikwa, kumbe hatuko kwenye sherehe ya kuagana. Tuko kwenye uzinduzi. Mkasi ninao mkobani, ni huohuo wa kukatia kitambulisho, nimeuazima. Mkuu wa Ulinzi, njoo na funguo. Unamtazama Mheshimiwa? Mtazame tu, ni haki yako. Mkalimani, umeshatafsiri yote? Naam, naona hatabasamu. Umetafsiri vizuri.

Mheshimiwa ameitikia kwa kichwa! Nyote ni mashahidi.

Haya twendeni, nazungumza huku natembea. Utepe huu hapa... ala! Umekatika kabla mkasi haujaugusa, umeoza. Hesabuni kwamba nimeukata. Zungusha ufunguo. Sukuma. Bawaba zimeshika kutu, tia bega. Dereva, msaidie mwenzako. Dada, sogeza kigoda, tunakuja! Mara nyingine, kwa pamoja...

Dada yangu. Karibu. Shika mkono wangu, kuna kizingiti hapo. Ndiyo, hii ndiyo ile sare. Usilie bwana, utaniliza mbele ya Wizara.

Ninyi nyote mlionipa masikio yenu leo, ndani ya ukuta na nje yake, asanteni sana. Mheshimiwa Balozi, jamii imefika. Birika liko mezani, bado la moto, na yeye hunywa bila sukari. Mmiminie wewe. Mimi nimestaafu.