Kumuaga Bwana Tsujimura, Aliyesoma Masharti Yote

Mheshimiwa Meya Hirukawa; Ndugu Katibu wa Halmashauri; wakuu wa idara zote saba, ukiwamo wewe wa Idara ya Maji uliyeketi karibu na mlango ili uwahi treni ya saa kumi na mbili; Mama Tsujimura, uliyetuazima mume wako kwa miaka thelathini na saba na leo tunakurudishia akiwa amechakaa kidogo; watumishi wenzangu wa mji wa Okimura; na wewe mwenyewe, Bwana Tsujimura, unayestaafu leo tarehe thelathini na moja Machi na tayari umeshatugawia maandazi ya maharage matamu, kila mtu na lake: nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni Momose Kanae, Naibu Mkuu wa Idara ya Wakazi. Ratiba imenipa dakika tatu. Bwana Tsujimura ameniomba nitumie mbili. Nitawaudhi wote.

Nianze kwa sifa, kwa kuwa ratiba inasema nianze kwa sifa. Bwana Tsujimura amekuwa mtu wa kompyuta wa jengo hili tangu siku ambazo jengo lilikuwa na kompyuta moja. Alibandika karatasi kila mahali. "Usiguse." "Usichomoe." Juu ya birika la chai: "Hili gusa." Je, nani kati yenu amewahi kumsikia akipaza sauti? Hakuna. Alikuwa na tabia moja tu iliyotushinda, nayo ni kusoma masharti.

Mnaujua ule ukurasa mrefu unaotokea kila unaposakinisha programu, ambao chini yake pameandikwa "Nakubali"? Sisi wengine tunakubali. Yeye aliusoma wote, kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Kazi ya dakika kumi ilikula asubuhi nzima. Tukamwita Mzee Masharti, hata mbele yake, naye akawa anaitika.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa sita, tuliletewa kompyuta mpya za dirishani, pale tunapohudumia wakazi. Zilikuwa nzuri sana, na hazikujua jina la mkazi hata mmoja. Majina yote elfu ishirini na moja yalikuwa kwenye hifadhidata yetu ya zamani, katika mtambo ulioko ghorofa ya chini. Ili kompyuta zile ziongee na mtambo ule, palihitajika kiendeshi cha muunganisho, yaani programu ndogo inayokaa katikati, ikichukua swali huku na kurudi na jibu kutoka kule. Ni mkalimani, kwa kifupi. Na wakalimani, kama mnavyojua, kuna anayejua maneno yote na kuna anayeruka yale asiyoyajua.

Wiki ile Bwana Tsujimura alikuwa hospitali, anatolewa vijiwe vya figo. Waheshimiwa, hapa ndipo ninapoiacha ratiba. Kumbukumbu za halmashauri zinasema kiendeshi kile kilisakinishwa na Bwana Tsujimura kabla hajalazwa. Si kweli. Nilikisakinisha mimi.

Mkuu wa Idara ya Maji, keti tafadhali, treni bado.

Nilikuwa nimechoka kusubiri. Juu ya kompyuta yangu palikuwa na karatasi ya "Usiguse", nikaibandua. Nikabofya Endelea. Nikabofya Nakubali. Kisanduku kikaniuliza nataka kiendeshi kipi, kwa sababu vilikuja viwili vyenye jina moja, kimoja cha mwandiko mfupi, wenye herufi chache, kingine cha mwandiko mpana, wenye herufi zote. Nikachagua cha juu kwa sababu kilikuwa juu. Nikabofya Jaribu Muunganisho, nikatafuta jina langu, Momose, ambalo halijawahi kumtaabisha mtu. Kompyuta ikajibu: Muunganisho umefanikiwa. Nikaenda kula tambi zangu nikijiona mhandisi.

Siku tisa zilipita salama. Siku ya kumi, saa tisa na nusu alasiri, akaja dirishani Mzee Kawanabe, miaka themanini na mbili, suti nyeusi. Mke wake, Bi Itsue, alikuwa amefariki jana yake. Alihitaji kibali cha kuuchoma mwili, na zamu yao kwenye tanuri ilikuwa kesho yake saa nne asubuhi. Bila karatasi ile, tanuri haliwashwi. Nikaichapa, nikampa kwa mikono miwili, nikasema maneno yetu ya siku zote: "Naomba uhakiki jina."

Akahakiki. Kwenye herufi ya pili ya Kawanabe, ile moja inayosomeka "nabe" yote, ya kwao ya kizamani, yenye mistari kumi na tisa na nukta yake juu, palikuwa na mtalawanda. Mnaijua alama ile: vistari viwili vinene, kama alama ya mtalawanda, kile kiatu cha mbao, kwenye udongo, ambayo wachapaji wa zamani waliiweka mahali walipokosa herufi. Mkalimani wangu wa mwandiko mfupi hakuijua "nabe" ile, akairuka.

"Hiki nini?" akauliza.

"Hitilafu ndogo tu, mzee wangu. Ngoja nikuwekee ile nabe ya kawaida. Inasomeka vilevile."

"Hiyo ni ya watu wengine."

"Lakini mzee, si vistari tu na nukta?"

Akaiweka karatasi chini. "Binti, mke wangu alipoolewa alikuja kujiandikisha hapa hapa. Akakosea nukta hiyo, akarudishwa. Akaja tena, akarudishwa. Mara tatu! Akaenda kujaza daftari zima nyumbani, nabe, nabe, nabe, mpaka mama yangu akamwonea huruma. Miaka hamsini na nne anaiandika. Leo amekufa, ndiyo mnaniambia haina kazi?"

Nikaenda kumwita mkuu wangu.

Mkuu wangu wa wakati ule akashauri tuandike kwa kalamu. Ikabainika kuwa vibali vya mkono tulikuwa tumevifuta mwezi ule ule, kwa waraka nilioandika mimi. Ndipo akaitwa Bwana Tsujimura, aliyekuwa ametoka hospitali asubuhi ile na anatembea kama amebeba mayai. Akaitazama karatasi yenye mtalawanda. Akaitazama kompyuta yangu, mahali palipobaki alama ya gundi. Akanitazama mimi. Kisha akamwinamia Mzee Kawanabe mpaka kiunoni, na vijiwe vyake vile, akasema, "Nisamehe sana, mzee. Kosa ni langu."

Nami nikamwacha alibebe.

Dirisha hufungwa saa kumi na moja na robo. Akakiondoa kiendeshi changu, akaanza kusakinisha kile cha mwandiko mpana. Ukurasa wa masharti ukatokea. Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti.

"Bwana Tsujimura, ruka hapo, mzee anasubiri!" nikamnong'oneza.

"Nikiruka nitakuwa wewe," akaninong'oneza, kisha akaendelea na kifungu cha nne.

Mzee Kawanabe akavuta kiti, akasikiliza. Kifungu cha saba aliomba kirudiwe.

Saa kumi na moja na dakika nane karatasi ikatoka. Mzee akafuata mistari kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka kwenye nukta. "Ipo," akasema, akalia. Nikalia na mimi. Bwana Tsujimura akaenda kukagua karatasi kwenye mashine ya kuchapa, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Wiki iliyofuata aliandika barua ya kukiri kosa, kurasa mbili, akaigonga muhuri wake. Nilimkimbilia kwenye ngazi. "Bwana Tsujimura, kwa nini?"

"Wewe una mtihani wa cheo mwezi wa tisa. Mimi nina nini? Nina vijiwe. Rudi dirishani, kuna foleni."

Nikarudi dirishani. Mtihani nikafaulu. Barua ikabaki kwenye jalada lake, na ndiyo iliyomkatia jina kwenye orodha ya nishani ya utumishi mwaka huu. Nilikuwa kwenye kikao kile, Mheshimiwa Meya, nimeketi upande wako wa kulia. Ulipouliza nani anaafiki akatwe, niliinua mkono pamoja na wenzangu. Naona aibu, na nilipaswa kuiona mapema.

Leo asubuhi nimeweka barua yangu mezani kwako. Ina kurasa tatu. Nimeisoma yote kwa sauti kabla ya kuigonga muhuri, na vijana wa idara wakadhani naumwa. Naomba barua yake itoke kwenye jalada lake, na yangu iingie kwenye langu. Nishani naomba ijadiliwe upya, nami nisiwemo kikaoni. Kuhusu cheo changu, amua utakavyoona.

Limebaki jambo moja. Nilipewa kazi ya kuchapa hati ya shukrani ya Bwana Tsujimura. Nikamwomba Mama Tsujimura nakala ya rejesta ya familia, nikakuta kwamba "tsuji" ya kwao ina nukta mbili. Mlangoni kwake, kwenye kadi yake, kwenye kila orodha ya jengo hili, tumeandika moja. Nikampigia simu Mama. Akacheka. "Alijua," akaniambia. "Alipoanza kazi, kompyuta yenu haikuwa na ya nukta mbili. Akaona asiwasumbue."

Mheshimiwa Meya, Mama Tsujimura, wenzangu, mmenivumilia zaidi ya dakika zangu na nawashukuru. Lakini makofi yangojee kidogo. Bwana Tsujimura, njoo hapa mbele uipokee hati yako. Vaa miwani. Usiruke kitu.

Naomba uhakiki jina.