Pazia Lililokataa Kuchanika

Benchi lenyewe ni mbao mbili zilizopigiliwa juu ya rimu za gari, mbele ya duka la fundi cherehani, na ukikaa pembeni mwenzio akiinuka bila kukuambia, unakwenda chini na kikombe chako. Jumatatu hiyo asubuhi walikuwapo wale wale wa siku zote. Spana, fundi magari wa karakana ya jirani, ambaye mikono yake haijawahi kutakata hata siku ya harusi yake. Wakili, ambaye si wakili hata kidogo, ni mlinzi wa duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Aliitwa mahakamani siku moja kutoa ushahidi, na tangu hapo hasemi kama watu, anawasilisha. Shangazi, mwenye birika la kahawa na mdomo usiojua kufuli. Na Pindo, fundi cherehani, mwenye duka na benchi lake, futi shingoni, uso umemshuka. Mtaa mzima ulikuwa unamcheka tangu jana, na yeye hata hakujua acheke nao au alie.

— Hebu rudia taratibu, akasema Spana. Uliambiwa ushone pazia la kuchanika, ukashona turubai la lori?

— Vijana wa kanisa waliniletea vipande viwili vya kitambaa kizito, Pindo akajibu. Wakasema, fundi, Jumapili tuna mchezo. Tuunganishie katikati kwa nyuzi legelege tu. Yesu akikata roho, kijana aliyejificha juu ya ngazi atavuta kamba, na pazia la hekalu lipasuke toka juu hadi chini.

— Na nyuzi legelege zikakushinda?

— Nilizipiga! Ila kila nikizitazama roho inakataa. Nyuzi legelege, nyumba ya Mungu, na kila mtu anajua fundi ni mimi? Nikapitisha cherehani. Nikarudia. Halafu nikaweka na utepe kwa nyuma.

— Utepe! Shangazi akapiga paja. Baba wee, utepe!

Yaliyofuata mtaa wote unayajua. Yesu wa kwaya alikata roho vizuri sana, akina mama wakaanza kufuta machozi, kijana wa juu akavuta kamba. Pazia likatulia. Akavuta tena. Yesu akafungua jicho moja kutazama kulikoni. Kijana akaning'inia kwenye kamba kwa uzito wake wote, ndipo boriti iliyoshikilia pazia ikang'oka ukutani na kumfunika mchungaji pamoja na wazee wawili wa kanisa. Chini ya kitambaa ikasikika sauti ya mchungaji ikiuliza, nani amezima taa? Kanisa zima likaangua kicheko, na Pindo akatoka kwa mlango wa pembeni kabla ya sadaka.

Lakini kicheko si kitu kilichomkaa rohoni. Kule nyuma kabisa, karibu na mlango mkubwa, alikuwa amemwona binti yake wa mwisho, na katika kanisa lile lote, ni yeye tu aliyekuwa hacheki.

Binti huyo walikuwa hawasemeshani mwaka wa pili sasa. Aliolewa bila kumwambia baba yake. Pindo alikwisha kununua kitambaa cha gauni lake la harusi, alikwisha kukikata, akawa anangoja aambiwe siku. Habari ya ndoa akaja kuletewa na muuza vifungo. Iliuma, na bado inauma. Mwezi huu binti alirudi mjini na mumewe, wakapanga chumba nyuma ya zahanati, mwendo wa kutoka benchini mpaka kona ya pili. Akamtuma Shangazi: muulize baba kama naweza kuja. Pindo akajibu neno moja, na kila alipoulizwa tena alijibu hilo hilo: aanze yeye. Aje na watu wazima, apige magoti, aseme nimekosa. Mimi ndiye niliyekosewa.

— Na leo wanaondoka, Shangazi akamkumbusha, akimmiminia kikombe. Basi la saa sita. Mume amepata kazi huko mbali, sijui watarudi lini.

— Nimesikia.

— Nakwambia tu, kaka yangu. Mimi mdomo wangu umechoka kubeba salamu zisizojibiwa.

Pindo akageuza kikombe mkononi. Kilichokuwa kinamtafuna ni kingine, na kwa kuwa hakikumezeka, akakitoa.

— Jamani, nawauliza kweli kweli. Lile pazia lilikuwa la kuonyesha Mungu ameondoa kizuizi kati yake na watu. Sasa la kwangu limekataa. Je, isije ikawa ni kwangu tu halikupasuka?

Wakili akavua kofia, dalili mbaya.

— Niwasilishe, akasema. Hekaluni palikuwa na chumba cha ndani kabisa. Ndani, Mungu. Nje, washitakiwa, yaani sisi wote. Katikati, pazia. Aliyeruhusiwa kupita ni kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka, na damu ya mnyama mkononi kama risiti. Yesu alipokufa, pazia likapasuka. Maana yake, kesi imefutwa!

— Imefutwa au imehamishwa? Spana akauliza.

— Imefutwa! Hukumu ameibeba mwingine.

— Haya, kama imefutwa, mbona bado naogopa nikisali? akauliza Pindo.

— Labda hujapelekewa barua ya mahakama.

— Acha barua zako, akasema Spana. Hii ni habari ya injini. Mungu ni betri. Mtu ni taa. Dhambi ni kutu kwenye nyaya. Unaweza kuwa na betri mpya kabisa, kukiwa na kutu hapo katikati, giza. Yesu amekuja kusugua kutu.

— Na pazia?

— Pazia ndiyo kutu.

— Kutu inapasukaje toka juu hadi chini?

Spana akafikiri. Akanywa kahawa. Akafikiri tena.

— Basi siyo kutu. Ni boneti. Boneti limefunguliwa.

— Kwa hiyo Mungu ni injini sasa? Siyo betri tena?

— Wewe Wakili unataka ugomvi asubuhi yote hii.

— Mimi naona hivi, Shangazi akaingia. Mungu alichoka kukaa peke yake mle ndani. Mgeni mmoja kwa mwaka, tena anaingia anatetemeka, anatoka mbio! Hata ningekuwa mimi ningechana pazia.

— Shangazi, Mungu hachoki, akasema Wakili.

— Hukuniuliza kama anapenda watu au hapendi. Anayependa watu, kukaa bila watu kunamchosha.

— Tuseme hivyo, akasema Spana, ambaye sasa alikuwa amepata moto. Lakini nani alisema pazia lilikuwa moja? Watu kwa kushona hatujambo. Yeye akipasua, sisi tunarudishia usiku. Pengine kila mji una la kwake. Pengine yamefika elfu!

— Pingamizi! akadakia Wakili. Kama ni hivyo, huyu Pindo ana hatia ya kumfungia Mungu njia. Mtaa mzima. Na utepe juu yake.

— Usinitanie na jambo hilo, Pindo akasema, akaweka kikombe chini. Usinitanie kabisa.

Wakili akarudisha kofia kichwani, akatazama chini.

Ndipo akafika mgeni. Alikuwa dereva wa lori, kijana mwenye ndala na kitambaa begani. Lori lake lilikuwa limelala karakanani kwa Spana bila magurudumu ya mbele, na mwenye kuyafunga ndiye huyu aliyekuwa hapa anazungumza habari za boneti la Mungu.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba. Lori linakuja, mwanangu, akasema Spana bila kuinuka. Keti upate kahawa.

Kijana akaketi pembeni, benchi likainama, akashika ubao. Wakamweleza mambo yote, pazia, hekalu, kuhani, utepe, wote wanne kwa pamoja, kila mmoja na mambo yake, hata ikawa ajabu kwamba alielewa chochote. Akanywa kidogo. Akakuna kidevu.

— Samahani, mimi sikulelewa kanisani, nauliza tu. Kati ya hao wawili, Mungu na watu, aliyekosewa ni nani?

— Mungu, akasema Wakili. Hilo halina ubishi.

— Na aliyechana pazia?

— Mungu pia. Lilianzia juu. Mtu angechana toka chini, mkono unapofika.

— Watu walikuwa wameshaomba msamaha?

— Wapi! Walikuwa wanamsulubisha mwanawe.

— Sasa mbona hakungoja? kijana akauliza. Yeye ndiye aliyekosewa. Kwa nini aanze yeye?

Spana akatazama upande wa karakana, kana kwamba jibu limebaki kwenye lile lori. Shangazi akainua birika amwongezee mgeni, likatoa tone moja na mvuke. Kahawa imekwisha.

Maneno yale yalikuwa ya Pindo mwenyewe, aliyasema mwezi mzima kwa mdomo wake, na sasa yalikuwa yamerudi kwa mtu asiyemjua kabisa, yamegeuzwa ndani nje. Alitafuta jibu kama fundi anavyotafuta sindano iliyodondoka, kwa hofu. Akasimama ghafla, na kule pembeni kijana wa watu akaenda chini na kikombe chake.

— Pole, mwanangu. Pole sana. Shangazi, ni saa ngapi?

— Tano imepita. Unakwenda wapi?

— Sijui.

Lakini miguu ilikuwa inajua. Nyuma yake akawasikia wameshaanza upya.

— Sasa anakwenda kusamehe au kuombwa msamaha?

— Anakwenda kuombwa.

— Anayeombwa hufuatwa, hafuati!

— Basi niambie wewe, Wakili, anakwenda kufanya nini?

Pindo naye alikuwa anajiuliza hilo hilo. Mpaka kona ya kwanza alikuwa ametunga maneno makali. Mpaka kona ya pili yalikuwa yamemponyoka yote, na futi bado inaning'inia shingoni. Nyuma ya zahanati palikuwa na mabegi mawili yamefungwa kamba, na mlango ulio wazi umening'inizwa pazia. Akalijua lile pazia. Ni kitambaa cha gauni, kile kile, alichokuwa amekikata kwa mkono wake na kumpelekea kwa hasira akisema hakina kazi tena. Binti alikuwa ameunganisha vipande kwa sindano ya mkono, vibaya, nyuzi legelege kila mahali.

Alisimama mbele yake mpaka akaona aibu kusimama.

— Hodi, akasema.

Ndani kitu kikawekwa chini.

— Nani?

— Ni baba, mwanangu. Nimeanza mimi.