Sufuria ya Nyuma ya Turubai

Wapendwa, Bwana asifiwe! Na ninyi wa nyuma mliochelewa, asifiwe pia!

Mimi ni Mama Neema wa Kiseke, napika kwenye sherehe. Mnanijua nilivyo mdadisi. Mume wangu husema hata sufuria ikifunikwa lazima niulize kuna nini. Lakini ndugu zangu, kwa miaka mingi kulikuwa na swali moja nililoogopa kuliuliza.

Sisi wapishi tuna desturi. Kabla ya kushika chakula cha sherehe, tunabandika sufuria yetu wenyewe nyuma ya turubai. Tunapika michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na nsansa, majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga. Na kila sherehe, jamani, atakuja mtu na suti yake, ametoka meza kuu, ananong'ona, "Mama, hicho mnachokula kimebaki?" Nami namfukuza! Naona aibu. Moyoni najiuliza, huyu ameacha biriani kwa nini? Kisha nalizima swali, naongeza nyama nyingine nionekane mpishi wa maana. Kiburi, ndugu zangu! Faida yote iliishia kwenye nyama. Biashara ilikuwa inakufa, na wasaidizi wangu wawili walishaniaga.

Ikaja sherehe ya kipaimara kule Pasiansi. Mama wa mtoto, mjane, aliomba chakula cha kawaida tu cha watu arobaini. Mimi nikamwahidi kuku na biriani! Nikanunua kuku mapema, nikajaza friza. Umeme ukakatika siku mbili. Asubuhi ya sherehe nafungua friza, mh! Harufu ilinijibu kabla sijauliza.

Nikafika kwa yule mjane mikono mitupu, nikabandika sufuria yetu ya wapishi kama desturi, kisha nikapiga magoti kwenye majivu, nyuma ya nyumba yake. Nikasema, "Baba, nimemwaibisha mjane wako. Nifanye nini?" Nikalia sana.

Mara nasikia mtu anatafuna. Ni bibi yake yule mtoto, kikongwe wa Usagara, amefunua sufuria yetu!

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Chakula kipo, unalia nini?"

Wapendwa, swali langu likanitoka lenyewe. "Bibi, hivi watu wanapendea nini hiki?"

Akanitazama. "Wewe mwenyewe unakila kwa nini?"

Jibu lilikuwa moja tu: ni kitamu! Kumbe kila siku nilikula kwa furaha, halafu nikawauzia wenzangu nisichokitamani mwenyewe.

Nikamwendea mjane, nikamwambia ukweli wote. Alikuja akachungulia sufuria. Kisha akasema, "Mama Neema, si ndicho nilichokuomba tangu mwanzo?"

Nikakimbilia sokoni, nikaongeza michembe, nsansa na dagaa. Wenye suti walirudi kupakua mara ya pili, mchana kweupe, mbele za watu! Bwana alinifungua siku ile. Tangu hapo napika kile ninachokila, kwa gharama ambayo hata mjane anaimudu, na kazi haikauki. Wasaidizi wangu walioniaga wamerudi, ni wale pale. Simameni waone! Haleluya!

Ndugu yangu, Mungu alikwisha kukupa kitu, nawe umekificha nyuma ya turubai. Kwa nini? Jiulize, usiogope kama mimi. Mwamini, kilete mbele.

Na ibada ikiisha msikimbie. Sufuria ipo pale mlangoni, na leo simfukuzi mtu.